Jarida la Mjenzi wa Vyombo Vidogo

Kujenga chombo kidogo kwa mfano wa chombo kikubwa ni kazi inayodharauliwa na wengi, kwa sababu hudhaniwa kuwa ni mchezo wa watoto. Kweli watoto huifanya. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, toka Mikindani hata Msimbati, na toka Msimbati hata mlango wa Mto Ruvuma, mtoto mwenye kisu na karara la mnazi hakosi chombo. Atasimamisha mlingoti wa kijiti, atatundika tanga la kitambaa kikuukuu, na kabla jua halijatua atakuwa nahodha. Lakini kazi hii ina wazee wake pia. Wapo watu wazima, wenye miwani na subira, ambao hukaa miezi kadhaa juu ya jahazi lisilozidi urefu wa mkono, wakitia mbao moja baada ya moja kama ambao watalipakia shehena kesho. Hawa ndio wanaohusika na swali lililo hapa: je, majarida ya uraibu huu, ambayo huchapishwa ng'ambo na kulipiwa ada ya mwaka mzima, yangali yakistahili fedha ya mtu aketiye Mtwara?

Majarida hayo si ya jana. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha London jarida la The Model Engineer kwa ajili ya watu waliopenda kutengeneza injini ndogo majumbani mwao. Marekani ikafuata kwa Model Railroader mwaka 1934, jarida la wajenzi wa reli ndogo. Airfix Magazine lilianza Uingereza mwaka 1960, likaishi hata mwaka 1993, na FineScale Modeler likazaliwa Marekani mwaka 1982. Kwa muda mrefu majarida hayo yalikuwa shule, soko na baraza kwa pamoja. Mtu aliyekuwa peke yake katika mji wake alijua kwamba hayuko peke yake duniani. Alipata mchoro, alipata anwani ya muuzaji wa gundi, na alipata barua za wenzake waliobishana juu ya rangi ya manowari kwa ukali ambao watu wengine huuweka kwa mambo ya mirathi.

Simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayetaka kuona jinsi ubao unavyopindwa kwa mvuke ataona mikono ya fundi ikifanya kazi mbele ya macho yake, tena bila malipo isipokuwa ya bando. Habari ya bidhaa mpya humfikia siku ile ile, na jarida lililosafiri kwa meli au ndege mpaka Dar es Salaam, kisha likashuka kusini mpaka sanduku la posta, huwa limechakaa kwa habari kabla ya kuchakaa kwa karatasi. Wachapaji wenyewe wameuhisi upepo huo. Nyumba ya Kalmbach, iliyokuwa ikitoa Model Railroader na FineScale Modeler, iliyauza majarida hayo kwa kampuni nyingine mwaka 2024. Mtu akisema ya kuwa wakati wa majarida umepita, hasemi neno la kipumbavu.

Tena kuna shaka nyingine, nayo kwa mtu wa Mtwara ni kubwa kuliko ya bei. Majarida hayo huandikwa kwa ajili ya bandari nyingine. Yakigusa Afrika ya Mashariki, aghalabu huigusa kwa ncha ya bunduki: msomaji wa ng'ambo huijua delta ya Rufiji kwa sababu manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha humo, ikaangamia Julai 1915. Mjenzi wa ng'ambo atahesabu mizinga yake yote na madirisha yake. Mashua zilizokuwa zikipita katika mikono ya delta ile ile, zikichukua boriti za mikoko kwa miaka mingi kabla ya manowari hiyo na baada yake, hazimshughulishi. Hata mti atakaoambiwa autumie hauko sokoni Mikindani. Ataambiwa anunue balsa, naye ana mwembe na mninga. Kwa upande huu jarida humfanya msomaji wake kuwa mgeni katika kazi yake mwenyewe.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo majarida yalilifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, na thamani yake huonekana kwa kisa cha mtepe.

Mtepe kilikuwa chombo cha pwani hii, hasa cha visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, tanga lake lilikuwa la mkeka na la pembe nne, na husemwa kwamba omo yake ilifanywa kwa mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume. Katika karne ya 20 mtepe ulitoweka baharini. Hapana hata mmoja uliobaki mzima. Kilichobaki ni picha chache, vyombo vidogo vya mfano katika majumba ya makumbusho, kama vile Lamu na Fort Jesus ya Mombasa, na maandishi. Mwaka 1941 James Hornell alichapisha makala juu ya mtepe na dau la Lamu katika The Mariner's Mirror, jarida la Waingereza juu ya mambo ya vyombo ambalo lilianza mwaka 1911. Hilo ni jarida la wataalamu, walakini ni la aina ile ambayo mjenzi wa vyombo vidogo huitafuta kama mwenye kiu. Mwaka 1965 Prins, Mholanzi, alitoa kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu. Ilipofika mwaka 2003, mafundi wakajenga mtepe wa ukubwa kamili ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Hawakuwa na mtepe wa kuutazama. Walikuwa na kumbukumbu ya ushonaji mikononi, na nyuma ya hiyo walikuwapo watu waliopima, waliochora na waliochonga vyombo vidogo wakati mtu mwingine alipokuwa akiwacheka. Jumba lenyewe likaporomoka sehemu Desemba 25, 2020. Karatasi ya mwaka 1941 bado inasomeka.

Fundi wa pwani hujenga kwa jicho. Huchagua mti, huupima kwa shibiri na dhiraa, na umbo la jahazi huwa limo kichwani mwake tangu mkuku unapolazwa. Hiyo ni elimu kubwa, lakini haina nakala. Chombo kikioza na fundi akifa, umbo limekwenda. Kinachofundishwa na jarida zuri la ng'ambo ni desturi ya kutoa nakala: kukichora chombo kwa ubavu, kwa juu na kwa mbele, kukikata kwa vipande kama mkate ili mviringo wa tumbo lake ujulikane, na kuandika uwiano. Ngalawa ya meta 6 ikijengwa kwa uwiano wa 1 kwa 24 huwa na urefu wa sentimeta 25, na kosa la milimeta moja katika mfano ni kosa la milimeta 24 katika ngalawa. Hesabu hii ni nyepesi, ila adabu yake ni nzito, na haipatikani kwa kutazama video moja usiku wa leo na nyingine usiku wa kesho. Hupatikana kwa kuirudia kurasa ile ile, penseli mkononi, mara kumi.

Ngalawa zinaihitaji adabu hiyo sasa. Gogo la mwembe lenye unene wa kutosha kuchongwa chombo halioti kwa mwaka mmoja, na boti za fibaglasi zinaongezeka mwaka hata mwaka. Haifai kumlaumu mvuvi kwa hilo, maana mvuvi hutafuta samaki, hatunzi makumbusho. Lakini ngalawa ikiondoka itaondoka na lugha yake. Mkuku, hanamu, fashini, taruma, foromali, henza, demani, joshi: haya ni maneno yenye mwili, na neno la namna hii likikosa kitu cha kulishika hubaki katika kamusi kama nanga isiyo na kamba. Hakuna jarida la London wala la Wisconsin litakaloyachapa pembeni mwa mchoro, kila neno na mshale wake.

Basi mtu wa Mtwara akiuliza kama alipie, jibu linategemea anachokitaka. Akitaka habari za vifaa na picha za kumfurahisha, aziache fedha zake mfukoni. Akitaka kujifunza kupima na kuchora, ada ya mwaka mmoja au miwili haitapotea, na itapungua uzito ikichangwa na watu watano kwa nakala moja, au akitafuta matoleo ya zamani, ambayo kwa kazi hii si mabaya kuliko mapya. Baada ya hapo hana haja ya kuendelea kulipa kwa mazoea tu, maana mengi ya majarida haya hurudia masomo yake kila baada ya miaka michache, wala hayaoni haya.

Kinachokosekana ni ukurasa wa kumjibu. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilionyesha kwamba jarida la Kiswahili laweza kupata wasomaji mbali na miji mikubwa, na majarida ya vyuo vikuu yangali yakitoka leo. Mchoro mmoja wa ngalawa ya Msimbati, wenye vipimo na majina ya kila kiungo kama yanavyotamkwa huko, hauhitaji mtambo wala mfadhili. Unahitaji kamba ya kupimia, rula, mzee wa kutaja majina, na asubuhi moja ya maji kupwa, wakati chombo kimekaa juu ya mchanga na mirengu yake miwili iko wazi.