Mlangoni kwa Pweza

Aliyemjua pweza kwa supu tu hajamjua. Sokoni ni mikono minane iliyolegea juu ya meza. Kwenye miamba anakoishi ni mwenye nyumba, mwenye akili na taratibu zake.

Katika visiwa vidogo vya kusini mwa Pemba, pako mahali ambapo maji hayazidi kimo cha watu wawili, na mzee kama mimi aweza kuzamia kwa miwani bila taabu. Jiwe lina wenyeji wengi. Pono huguguna mwamba hata mlio wa meno yao ukasikika ndani ya maji. Mkunga huchungulia pangoni, kinywa wazi. Pweza mwenyewe humwoni mpaka ujue kusoma alama zake: rundo la maganda ya kaa na chaza mbele ya tundu. Akina mama wanaovua kwa miguu wakati wa bamvua huzisoma alama hizo kuliko mwalimu yeyote. Mara nyingine utamkuta matembezini, akipapasa nyufa na kubadili rangi kufumba na kufumbua, huku chewa akimfuata nyuma ili amdake samaki atakayetimuliwa.

Kinachonifikirisha zaidi ni uzazi wake. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyatundika mayai, maelfu kwa maelfu, ndani ya tundu, kisha huyapepea maji safi na kuyalinda usiku na mchana. Hatoki kuwinda. Yakishaanguliwa, naye hufa. Umri wake wote ni kiasi cha mwaka mmoja na miezi michache.

Siku moja kijana niliyezamia naye alimwona mmoja wa namna hiyo. Akainua chuma chake. Pweza hakukimbia. Nilimshika kijana mkono, tukaibuka.

"Mwalimu," akaniambia, "nikimwacha mimi, mwenzangu atamchukua kesho. Na nyumbani wanangoja."

Siku ile hakurudi chini. Ya kesho yake sikumwuliza.

Maneno yake hayakuwa ya ulafi. Mtu akijinyima peke yake hupunguza chakula cha wanawe, wala hamwongezei pweza siku za kuishi. Hapo ndipo mawaidha yetu walimu yanapokwama. Wema wa mmoja hautoshi. Panatakiwa mapatano ya wote.

Nayo yanawezekana. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, huko Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi saba. Walipoufungua walivua pweza wakubwa zaidi, kwani mnyama huyu hukua upesi. Baadaye watu wa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, nao wakaifuata njia hiyo kwa vipindi vya miezi mitatu.

Si jambo jepesi. Mwenye chombo huenda kuvua mbali. Mama asiye na chombo hana shamba jingine ila mwamba wa karibu. Basi na awepo barazani siku ya kuufunga, na awe wa mbele siku ya kuufungua. Mwenye njaa haambiwi "subiri". Huambiwa "tusubiri".