Hodi ya Mgeni

Zamani mgeni aliyelitafuta kanisa aliifuata kengele. Siku hizi wengi hupiga hodi kwanza katika intaneti. Mwaka 2020 serikali ya Kenya ilizuia ibada za pamoja tangu Machi, hata Julai ikaruhusu watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja. Ndipo sharika nyingi zilipoufungua mlango huo. Ungali wazi, lakini nani asimamaye penye kizingiti?

Nilipohamia mji mwingine kwa kazi ya ualimu, nalitazama tovuti ya kanisa moja. Naliona picha za wazee, na nambari ya kutumia sadaka. Bali saa za ibada zilikuwa za Krismasi iliyopita. Naliuliza kwa maandishi, nisijibiwe.

Basi, mgeni hahitaji mapambo. Ataka kujua ibada huanza saa ngapi, kwa lugha gani, ashuke kituo gani, watoto wake watakaa wapi, na nani atakayempokea. Haya yaandikwe mbele, kwa maneno mepesi, maana asiyezoea kanisa hajui kipaimara ni nini. Sadaka itajwe nyuma: nani amwombaye mgeni fedha kabla ya kumpa kiti? Tena awekwe mtu mmoja wa kujibu maswali kila siku, na kuzisahihisha saa zinapobadilika.

Desturi yetu twaijua: apigaye hodi mara tatu asiitikiwe, hurudi kwake. Wala hatutajua kwamba alikuja.