Msitu wa Tijuca

Juu ya mji mkubwa wa Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazili, iko milima yenye msitu mnene. Ukiutazama utadhani haukuguswa na shoka tangu mwanzo. Sivyo. Wenye mashamba walikwisha kuukata wapate kupanda kahawa, hata vijito vikapunguka na mji ukaona kiu. Mwaka 1861 serikali ya Kaisari Pedro II ikamwagiza Meja Archer aupande upya. Lakini walioinama kuchimba mashimo ni watumwa, damu ya Afrika: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo, na mwanamke mmoja, Maria. Tangu 1961 ni hifadhi ya taifa. Utumwa haukukomeshwa huko mpaka 1888, na miche yao ilikuwa imekwisha kuwa miti mirefu.