Giza na Mvua Kisiwani Ukara

Kwa mvuvi wa dagaa wa Ukara, kalenda ya ukutani haina kazi kubwa. Anahesabu mwezi wa angani: kuna siku za giza na kuna siku za mbalamwezi. Usiku wa giza, taa iliyoelea juu ya maji huwavuta dagaa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haiwashughulishi, na mitumbwi hulala mwaloni, pale ufukoni inapoegeshwa. Nilipanga nifike mbalamwezi ikielekea ukingoni, mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinapiga hodi Kanda ya Ziwa. Nilitaka kukiona kisiwa cha wavuvi siku ambazo hakuna anayevua.

Kufika kwenyewe ni kuvuka, kupanda gari, kisha kuvuka tena: Mwanza hadi Nansio kwa meli, Nansio hadi Bugolora kwa barabara inayokata kisiwa cha Ukerewe, halafu Bugolora hadi Bwisya, Ukara. Nilikuwa peke yangu na begi la mgongoni, na hilo lilitosha kuwafanya abiria wenzangu wanitilie shaka. Kijana aliyekalia kreti za soda aliniuliza bila kuzunguka, "Kaka, umefuata mabondo?" Swali la haki. Bondo ni kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Likikaushwa husafirishwa hadi China, na mtu anayezunguka mialoni akiwa hana nyavu wala ndugu mara nyingi ni mnunuzi. Nilipomjibu kwamba natembea tu, aliwatafsiria wenzake kwa Kikara, wakacheka wote.

Maji hayo ya kati ya Bugolora na Bwisya yana kumbukumbu yake. Septemba 20, 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, na MV Nyerere ilikuwa ikirudi Ukara na watu pamoja na mizigo yao. Kilikuwa kivuko cha watu 101. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, na watu 228 wakafa. Fundi wake mmoja alitolewa akiwa hai, baada ya siku mbili ndani ya chombo kilicholala kifudifudi. Baadhi ya marehemu walizikwa hapohapo Bwisya. Siku niliyovuka mimi hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, wala mimi sikuuliza. Niliona tu kwamba akina mama walivaa maboya bila kuambiwa, na watoto wakafungiwa yao kwanza.

Nilitarajia kupokewa na harufu ya samaki. Iliyonipokea, nilipoacha gati na kuanza kupanda katikati ya mawe makubwa, ilikuwa ya samadi.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu tumezoea kusimulia visiwa vya uvuvi kana kwamba watu wake wanakula maji. Ukara haizidi sana kilomita za mraba 80, sehemu yake ni mawe matupu, na udongo uliobaki ni wa kichanga, mwepesi kuchoka. Kwa ardhi hiyo Wakara wamejilisha vizazi kwa vizazi wakiwa wamebanana. Maofisa wa kilimo wa Kiingereza walioandika habari zao mwaka 1936 walistaajabu, nami nadhani walikuwa na haki ya kustaajabu. Ng'ombe hakuachiwa kuzurura. Aliwekwa ndani ya nyumba, katika zizi lililochimbwa kwenda chini, akaletewa majani. Alichokula kikatoka, alichobakiza kikakanyagwa pamoja nacho, na shimo lilipojaa samadi ikabebwa kwa vikapu hadi shambani. Ufukoni walichimba hadi kukaribia maji ya ziwa, wakapanda humo majani ya kulisha ng'ombe hao. Katikati ya uwele walipanda marejea, ambayo hayaliwi na mtu: kazi yake ni kukua, kufukiwa yakiwa mabichi, na kuurudishia udongo nguvu. Hata miti ilikuwa na wenyewe, kila mmoja.

Leo muhogo umechukua nafasi kubwa, na Wakara wengi walishahamia bara kutafuta mashamba mapana. Lakini nyumba niliyopanga chumba bado ilikuwa na ng'ombe wawili waliolishwa palepale, na mama mwenye nyumba alinionya nisitupe hata ganda la ndizi. Lina mlaji wake.

Mama huyo ndiye aliyenielimisha kuhusu vuli. Alikuwa na kipande cha shamba juu ya mteremko, tayari kimeshatiwa samadi, kinangoja mvua apande njugu mawe. Chini, mwaloni, alikuwa na sehemu yake ya mchanga aliyoifagia vizuri, inangoja dagaa. Dagaa huanikwa juani, na jua likiwa kali siku moja inatosha. Mvua ikiwakuta wamelala chini, wanalowa, wanashika mchanga, wanaanza kuoza. Wenye mtaji wamejenga chanja, ambapo dagaa hukaa juu penye upepo na huweza kufunikwa turubai upesi. Yeye hakuwa na chanja.

"Sasa mama," nikamwuliza, "unataka inyeshe au isinyeshe?"

"Shambani inyeshe. Mwaloni isinyeshe."

"Si ni hatua chache tu kutoka hapa hadi pale?"

"Ndiyo maana namwomba Mungu, siwaombi watu wa hali ya hewa."

Siku zile za mwisho za mbalamwezi mwalo ulikuwa na kazi nyingi za kukaa chini. Vijana walishona nyavu, wakaziba mitumbwi, wakapeleka betri za taa kuchajiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akifuma karibu nao, nilipomwamkia "Shikamoo, mzee," aliitikia kisha akaanza mara moja kulalamikia taa za siku hizi. Enzi zake ilikuwa karabai: unaipampu, unanunua mafuta ya taa, upepo ukivuma unailinda kwa mwili wako. Nilidhani anaisifu. Kumbe alikuwa akiitukana, na lalamiko lake halisi lilikuwa kwamba taa nafuu zimekuja yeye ameshazeeka. Vijana walikuwa na hesabu nyingine vichwani. Wakati hawavui, chakula cha kambini anatoa tajiri mwenye mtumbwi, na kila kilo ya unga huandikwa daftarini. Dagaa wa kwanza wa giza huenda kulipa mbalamwezi.

Giza halianzi kwa kishindo. Baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi huchelewa kidogo kuchomoza, na ule muda kati ya kuzama kwa jua na kuchomoza kwa mwezi ndio kazi ya wavuvi. Nahodha alikubali kunichukua kwenye moja ya usiku hizo fupi, kwa sharti kwamba nikitapika nitapike upande usio na wavu. Tulipiga makasia hadi taa za nyumba zikawa ndogo. Taa zetu ziliwashwa, zikafungwa kwenye maboya, zikaachwa juu ya maji zifanye kazi. Kisha tukangoja. Kungoja huko ndiko sehemu kubwa ya uvuvi wa dagaa, na ndiko walikopeana habari zote za kisiwa: nani ameoa, nani amekimbia deni. Halafu nahodha alisema neno moja, wavu ukazungushwa, taa ikavutwa taratibu hadi katikati yake, na mikono yote ikaanza kuvuta. Dagaa walipofika juu walikuwa wanachemka. Tulirudia hadi mwezi ulipochomoza upande wa mashariki, mwekundu, na nahodha akautazama kama mtu anayemtazama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Kulipopambazuka mama alinunua ndoo zake za dagaa mwaloni akawamwaga mchangani, akiwatandaza kwa mkono ili wasilaliane. Saa tatu jua lilikuwa zuri. Saa nne wingu lilitoka ziwani, na kabla watu hawajamaliza kuitana, mvua ikashuka. Wenye chanja walivuta maturubai. Sisi tulikusanya kwa mafagio, kwa makarai, kwa kanga, na tulichookoa hakikufika nusu.

Mnunuzi wa dagaa wa chakula cha kuku hakukawia kutokea na mizani yake. Wanunuzi hao wanaijua vuli kuliko mtu yeyote. Alitaja bei. Mama akaicheka, akataja yake. Mnunuzi akasema dagaa wana mchanga, mama akasema kuku wanakula mchanga tangu waumbwe. Walipokwama hapo, mama akamwambia akae kwenye kivuli amsubiri, kisha akajitwisha kikapu cha mbegu, akachukua jembe, na kupanda mteremko kwenda kupanda njugu mawe udongo ukiwa bado umelowa. Mnunuzi alinigeukia mimi, akaniuliza kama ninaweza kumpunguzia bei. Nikamwambia mimi ni mgeni tu.