Uso Usioguswa: Maumivu ya Mama Yetu

Wengi mlituuliza kwa nini mama yetu alikuwa akisali kwa kukaa, uso kaufunika kwa mtandio hata joto likizidi. Leo tunajibu, kwa idhini yake.

Maumivu yalianzia shavu la kulia mpaka tayani, yakipiga kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, kisha yanarudi. Upepo wa feni ulitosha kuyaamsha. Kilichomuuma zaidi moyoni ni udhu. Kusukutua na kuosha uso vilimliza, na tayamamu nayo ina kupangusa uso. Sheikh tuliyemuuliza alisema dini haimkalifishi mgonjwa asichokiweza. Mama alishukuru, lakini akasema bado anautaka uso wake.

Meno mawili yalishang'olewa kabla mtu hajafikiria mshipa wa fahamu. Huwapata wengi, kwa kuwa mshipa huohuo mmoja ndio unaobeba hisia za shavu, meno na ufizi. (Dada, jino likikuuma na daktari haoni ubovu wake, hasa shavu likianza kufa ganzi, uliza kuhusu MRI.) Karbamazepini ilimsaidia kwa miezi, halafu ikabaki kumpa kizunguzungu tu. Sikio la upande ule nalo likapungua kusikia. MRI ikaonyesha meninjioma karibu na shina la ubongo, imeukandamiza mshipa.

Tuliposikia "uvimbe kichwani" tulinyamaza sote. Daktari akaeleza kuwa meninjioma nyingi si saratani, na hukua polepole. Hufungua tundu nyuma ya sikio, wakautoa uvimbe kwa kutumia hadubini. Wakikuta na mshipa wa damu unagusana na ule wa fahamu, huweka kipande cha Teflon katikati. Uvimbe mdogo huweza kupigwa mionzi bila kupasua, ila nafuu huchelewa. Hatari nazo akazitaja: kupoteza usikivu, ganzi ya uso, maji ya ubongo kuvuja. Kaka yetu alitaka tungoje. Sisi mabinti tulisema aamue mwenye uso, na hadi leo tunaona hiyo ndiyo haki.

Akaamua kupasuliwa. Sikio halijarudi, na mdomo una ganzi kidogo. Chai ya moto tunampozea. Shoti hazijarudi, alhamdulillah. Wiki ya pili nyumbani aliomba ndoo na kata, akatufukuza tuliotaka kumsaidia, akaosha uso mara tatu.