Mikono Nayo Hufunda

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba mwalimu hufundisha na fundi hufanya kazi ya mikono, na aghalabu huishia hapo. Ni wachache wanaotanabahi kwamba maneno haya ni watoto wa shina moja: kufunda, kufunza, kufundisha, funzo, mwanafunzi, fundi, ufundi. Jina la mwalimu limetoka katika Kiarabu, lakini kazi yake imebaki na jina la Kibantu, nalo ni mali ya seremala, mshoni na mhunzi vilevile. Waliotuachia lugha hii hawakuona ukuta baina ya kujua na kutenda. Ukuta huo tumeujenga sisi.

Nazungumza habari hii kwa sababu mimi ni mkaaji wa mji mwenye mikono isiyotulia. Nyumbani kwangu Dar es Salaam, nikisha kusahihisha madaftari, huchora kwa rangi, hujalidi vitabu vilivyochakaa, huchonga vibao vya kupigia chapa na husuka ukili wa mikeka. Hili la mwisho ndilo linalowachekesha majirani, maana kwetu pwani ukili ni kazi ya wanawake. “Mwalimu,” aliniuliza mmoja wao, “mshahara hautoshi?” Watu wa mjini wamezoea kwamba kazi ya mikono ni ya aliyekosa kazi nyingine, na kwamba msomi akiishika anachezea wakati wake.

Fikira zangu juu ya jambo hili zilipata nguvu katika safari niliyoifanya Mununga, kwa jamaa za mke wa ndugu yangu. Mununga iko katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini ya Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Ni makao ya chifu mwenye jina hilohilo, mkuu wa Washila, watu ambao uvuvi ni kazi yao tangu kale. Wenyeji husema Kibemba pamoja na lugha zilizo jirani nacho, walakini Kiswahili si mgeni huko. Katika karne ya 19 kilifika nchi za Kazembe pamoja na misafara ya pwani, na leo huvuka maji na wafanya biashara wa ng’ambo ya Kongo, wa Pweto na wa Kilwa. Msomaji asichanganyikiwe: Kilwa hiyo ni ya ziwani, si Kilwa yetu ya Kisiwani. Hali kadhalika, tangu mwaka 2018 wakimbizi wa Kikongo walipewa makazi Mantapala, wilayani Nchelenge, nao wamekuja na Kiswahili chao.

Nilifika mwezi wa Januari. Nchini Zambia uvuvi katika maji mengi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana, kwa hiyo mashua zilikuwa zimevutwa nchi kavu na watu wameketi vivulini wakitengeneza nyavu. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi miaka mingi Katanga na kukijua Kiswahili cha huko. Nilichutama mbele yake, nikapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi ya nchi ile, kisha nikamwamkia. Pembeni yake aliketi mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi hivi, ameshika sindano ya mti na kibao kidogo cha kupimia upana wa jicho la wavu.

“Baba, kazi yako nini?” akaniuliza.

“Ninafundisha lugha, mzee.”

“Basi unafunda. Mimi pia ninafunda. Huyu sijamwambia neno tangu asubuhi. Tazama mikono yake.”

Nikatazama. Mtoto alipitisha uzi, akavuta, akakaza fundo, akahamisha kibao, akapitisha tena. Fundo moja lilimlegea. Babu yake hakusema kitu, alinyosha kidole akaligusa, na mtoto akalifungua. Sidai kwamba fundo na fundi ni ndugu wa damu. Hayo nawaachia wanaisimu. Lakini siku ile masikio yangu yaliyasikia kama ndugu.

Nyavu za nailoni za kiwandani zilianza kuenea katika ziwa lile miaka ya 1950, na kazi ya kusokota nyuzi za magome ya miti ikaanza kusahauliwa. Kilichobaki mikononi ni kuziba panapochanika. Mzee alinitajia jina la kila sehemu ya wavu, nami nikamrudishia ya kwetu: jarife, jicho, chelezo kinachoelea, chubwi inayozamisha. Nilipokuwa nikiyataja nilitambua kwamba wengi wa wanafunzi wangu, watoto wa mji ulio kando ya bahari, hawajayatamka maneno hayo hata mara moja.

Neno alilolitumia mzee yule, kufunda, ni la Kibemba pia kama lilivyo letu. Wabemba husema ukufunda kwa maana ya kufundisha na kuusia, na ifunde ni funzo. Katika chisungu, yaani unyago wa wasichana, mwalimu wa kike aitwaye nachimbusa humfunda mwali kwa mbusa: vitu vya udongo vilivyofinyangwa na michoro ya ukutani, kila kimoja na wimbo wake na maana yake. Bibi Audrey Richards, mtaalamu wa Kiingereza, aliushuhudia unyago huo mwaka 1931, akautungia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Mbusa nyingi zilizokusanywa na Padri Corbeil zimehifadhiwa katika makumbusho ya Moto Moto mjini Mbala. Ya siri nayaacha kwa wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba pale udongo uliofinyangwa ndio kitabu, na mfinyanzi ndiye mwalimu. Nasi pwani husema kungwi humfunda mwali, wala hatuoni ajabu.

Mjini nako desturi hii haikufa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye mbao laini za kiwandani na kwa rangi za mafuta zing’aazo. Vijana wa jamaa yake walikaa naye, wakamtazama, wakaiga, kisha wakachora yao. Alifariki mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi, lakini uchoraji wake haukuzikwa naye, kwa kuwa mikono mingine ilikwisha fundwa. Ng’ambo ya Mweru, katika mji uitwao leo Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mwaka 1946, akakataa kuwapa mifano ya Ulaya waifuatishe. Ndimo alimotoka Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege zake, na Mwenze Kibwanga, ambaye mistari yake mifupi hulala sambamba kama nyuzi za mfumaji.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe pia shamba na karakana. Wengi tuliielewa kama habari ya uchumi. Mimi naiona kuwa habari ya lugha pia, kwa sababu neno huishi mahali linapohitajiwa. Mkeka wa plastiki hauhitaji neno miyaa, wala chane, wala ukili. Mtoto anayeulalia akiambiwa “kusuka” hufikiri nywele tu.

Niliporudi kutoka Mununga nilichukua kitita cha miyaa hadi darasani, nikawaambia wanafunzi wasuke na kutaja kila wanachokifanya. Msichana mmoja wa kutoka Mafia, ambaye hakuwa akinyosha mkono wakati wa sarufi, alisimama akawaonyesha wenzake jinsi ya kuchana, kupanga na kuongeza. Kipindi kizima yeye alikuwa mwalimu, nami nilikuwa nikiandika maneno yake ubaoni. Matatu kati yao sikuyakuta katika kamusi niliyo nayo.

Nawashauri wenzangu wajaribu, kila mmoja kwa kazi ya mikono ya mahali alipo: wavu, chungu, mkeka au kasha. Miyaa ikikauka hunyunyiziwa maji, ikalainika na kusukika tena. Maneno yake hayana maji mengine ila mtu anayeyatamka huku mikono yake ikifanya kazi.