Bilauri za Murano na Meza Zetu

Kaskazini mwa mji wa Venice, nchini Italia, mwendo mfupi kwa mashua, kiko kisiwa cha Murano. Mwaka 1291 watawala wa Venice waliamuru matanuri ya kioo yaondolewe mjini, na mafundi wakahamia kisiwani humo. Hata leo mgeni apitaye kando ya mifereji yake huweza kumwona fundi akipuliza kioo cha moto kwa mrija mrefu wa chuma.

Bilauri yenye mguu ina sehemu tatu: kikombe, mguu na kitako. Huunganishwa zingali moto, kisha hupozwa polepole, kwani kioo kikipoa ghafla hupasuka. Katika makumbusho ya kisiwa imehifadhiwa bilauri ya harusi ya karne ya 15, ya rangi ya buluu, iliyochorwa sura za bwana na bibi harusi.

Fahari hiyo ina deni kwa nchi za Kiislamu. Majivu ya mimea ya kuyeyushia mchanga yaliagizwa kutoka Sham, ambako mafundi wa Damascus na Halab walitia kioo nakshi za rangi kabla ya Murano kusifika. Mwaka 1569 Sokollu Mehmed Pasha, waziri mkuu wa Dola ya Uthmaniya, naye aliagiza Venice taa 900 za misikiti. Hata neno letu “bilauri” asili yake ni Kiarabu.

Wako akina mama waingiwao na wasiwasi waonapo bilauri ya mguu kwenye karamu, kwa kuwa imezoeleka mikononi mwa walevi. Tuliyokatazwa kunywea ni vyombo vya dhahabu na fedha, kioo hakimo. Ulevi ni haramu hata ukitiwa katika kata ya kifuu. Hata hivyo, mwenye kujiepusha nayo kwa kuchelea kujifananisha na walevi asilaumiwe.

Atakayeitumia aishike kwa mkono wa kulia, penye mguu, ili joto la kiganja lisiifikie sharubati baridi. Asiijaze hadi ukingoni. Wakati wa kuiosha ashike kikombe chenyewe. Akishika kitako huku akizungusha kikombe, mguu hukatika. Na asiwawekee wageni peke yao: watu wa nyumbani nao wanastahiki kunywea chombo kizuri.